Candide Barengayabo, Aliyemchora Binti wa Bahari Kajaga

Familia inawashukuru wote mliofika makaburini Mpanda kwa teksi za kuchangia na kwa pikapu ya samaki ya Bi Sijaona, rafiki wa marehemu, katika siku hizi ambazo lita moja ya mafuta inatafutwa kama dawa. Basi la kanisa halikutolewa. Kwaya, ambayo marehemu aliiimbia sauti ya pili tangu mwaka 1989, haikuruhusiwa kuja na sare zake. Wanakwaya wanne wamekuja bila sare, na familia imewaona. Sababu ya mambo haya itasemwa hapa wazi, kwa kuwa ni sehemu ya maisha ya marehemu.

Candide Barengayabo alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 mjini Rumonge, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Zacharie na marehemu Asteria. Baba yake alikuwa fundi wa kukamua mawese. Mama yake alilima na kuuza mihogo. Nyumba yao ilikuwa karibu na ziwa kiasi kwamba, kwa maneno ya marehemu mwenyewe, mvua ikinyesha hukujua kama maji yanaingia kwa paa au kwa mlango.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Rumonge mwaka 1968. Katika shule ya Jumapili watoto walipewa kazi ya kuchora malaika. Wenzake wote walichora mtu mwenye mabawa kama ya kuku. Candide alichora malaika amesimama juu ya nguzo, mabawa ameyatandaza wazi kabisa yakitiririka maji, kama ndege mnandi anavyofanya akitoka kupiga mbizi. Mchungaji akamwuliza kwa nini malaika amelowa. Akajibu, "Amevuka ziwa kuja kwetu." Mchungaji huyo alicheka, akaibandika picha ukutani mwa kanisa, nayo ikakaa pale hadi karatasi ilipooza. Tunaomba jambo hilo likumbukwe. Mwaka 1970, katika kanisa la mabati la Rumonge, mtoto wa miaka minane alimpa malaika mabawa ya mnandi, na hakuna aliyesema ni shetani.

Mwaka 1972 alimpoteza baba yake katika mauaji, kama watoto wengi wa Rumonge mwaka ule. Mama Asteria aliwachukua watoto akaja nao Bujumbura kwa kaka yake, katika mtaa wa Buyenzi, na huko ndiko Candide alikojifunza Kiswahili, kwa majirani waliomlisha kabla ya kujua jina lake. Mwaka 1977 alifaulu kuingia shule ya sanaa Gitega, akiwa mmoja wa wasichana wachache sana, akapata cheti chake Julai 1982.

Oktoba mwaka huo aliajiriwa Rohero, katika ofisi ya serikali iliyotengeneza mabango ya elimu ya afya. Kama umewahi kukaa kwenye benchi la zahanati yoyote ya nchi hii ukasubiri kuitwa, umetazama kazi ya mikono yake: mama anayenawa kwa sabuni, mtoto aliyelala chini ya chandarua, mtungi wenye kifuniko. Bango la yule mama lilirudishwa mara ya kwanza. Mkuu wa ofisi alisema mama wa kwenye bango la serikali hawezi kuwa peku. Candide akamvalisha viatu. Wiki iliyofuata likarudishwa tena, kwa sababu viatu vilikuwa vizuri kuliko vya mke wa mkuu. Hatimaye akamchora mama yule nyuma ya beseni kubwa, miguu haionekani, na hivyo ndivyo nchi nzima ilivyopata beseni. Alifanya kazi hiyo hadi Desemba 2016, kisukari kilipoanza kumsumbua macho.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Gélase Ntahonkiriye, mfanyabiashara wa vitambaa katika soko kuu. Walijenga Musaga, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Audace. Soko lilipoungua Januari 2013, kibanda cha Mzee Gélase kiliteketea chote. Candide hakumwuliza kitu. Jioni ile alitoa brashi zake, akaenda kwa kinyozi wa jirani akamwambia bango lake ni baya, atamchorea jingine. Mshahara wake peke yake haukutosha, na kwa muda mrefu nyumba hii ilikula kutokana na vichwa vya vinyozi. Mzee Gélase amesema tuandike kwamba katika ndoa yote hakumsikia mke wake akijisifu, ila siku moja tu, mbele ya ukuta wa Kajaga.

Sasa tuseme habari za ukuta huo.

Mwaka 2016 alikuja Kajaga, ufukweni mwa ziwa, mtaalamu kutoka Japani, Madame Setsuko, kuwafundisha wanaushirika wa samaki kukausha ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu ya vichanja badala ya kuzimwaga mchangani. Muda wake ulipokaribia kwisha, ushirika ulitaka kumpa shukrani itakayobaki. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Melchior, ni jirani yetu kule Musaga na ni mzee wa kanisa letu. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kiti cha barazani, akasema, "Mama Audace, njoo utuchoree kitu cha kwao, pale ukuta wa jengo la kukaushia. Kitu cha maji. Kikubwa." Hakuna aliyemlazimisha kuja.

Marehemu alimwuliza Madame Setsuko kwao maji ni ya nani. Madame Setsuko akamsimulia habari za Toyotama-hime. Katika Shinto, dini ya asili ya Wajapani, huyu ni mungu wa kike wa bahari, binti wa mfalme wa bahari, anayekaa katika jumba chini ya maji. Mtu mmoja wa nchi kavu alishuka huko kutafuta ndoana iliyopotea, akamwoa. Alipotaka kurudi juu, mfalme wa bahari alimpa vito viwili: kimoja cha kupandisha maji, kimoja cha kuyashusha. Binti alipokaribia kujifungua, alipanda ufukweni. Mume akamjengea kibanda, akaanza kukiezeka kwa manyoya ya mnandi, na kabla paa halijakamilika uchungu ukamshika. Akamwomba mumewe jambo moja tu: asichungulie. Mume akachungulia. Akamwona mke wake katika umbo lake la kweli, mamba mkubwa akijigeuza kwenye mchanga. Kwa aibu, binti akamwacha mtoto, akarudi baharini, akaifunga njia kati ya maji na nchi kavu. Madame Setsuko alieleza kwamba wengine kwao husema alikuwa papa, si mamba. Marehemu akajibu kwamba papa hatujamwona huku, mamba tunamjua.

Kazi ilianza Juni 2018, kiangazi, ili rangi ya mafuta ikauke vizuri. Alichora kwa ukubwa kwa sababu macho yake hayakupenda tena mistari midogo. Toyotama-hime alikaa mlangoni pa kibanda, nusu ya paa lake ni manyoya meusi na nusu ni anga. Joho lake lilikuwa pana, la kijani cha ziwa wakati wa asubuhi, na upindo wake uligeuka magamba polepole hivi kwamba hukuweza kuonyesha ni wapi nguo iliishia. Vito vilikuwa mikononi mwake, kwa sababu mchoraji aliona vinamstahili yeye kuliko mume mchunguliaji. Nyuma yake, ukutani mwa kibanda, kivuli chake kilikuwa cha mamba. Uso uliangalia pembeni, kama mtu aliyesikia hatua nje na anajua ni za nani.

Uso huo ni wa Bi Sijaona, muuza samaki wa Kajaga, ambaye alikaa juu ya kreti la samaki wa mukeke asubuhi nyingi akilalamika.

"Mama Audace, huyu mungu wako hachoki mugongo?"

"Ni mungu. Kaa sawa."

"Mi si mungu, mi iko na wateja!"

Mzee Melchior alikuja kukagua mara kwa mara. Ni yeye aliyesimama mbele ya ukuta akasema kivuli cha mamba ni kidogo. "Ongeza, mama. Mukubwa! Watoto waogope kuoga hapa." Marehemu akaongeza. Siku ya kufungua, Jumamosi tarehe 25 Agosti 2018, Madame Setsuko alisimulia hadithi yote mbele ya ushirika, vito na vyote. Watu walicheka, wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti kwamba binti aache maji, apandishe mukeke. Mzee Melchior alipigwa picha mbele ya kivuli cha mamba, mkono kiunoni. Jioni hiyo ndipo marehemu alipomwambia mume wake, "Hii ni nzuri." Maneno hayo matatu tu.

Kisha ziwa likapanda. Kila aliyeko hapa analijua jambo hili. Liliingia katika nyumba za watu, likazamisha vyoo, viboko wakala majani katika nyua, na mamba wakafuata maji yalikokwenda. Kule Kajaga maji yalifika kwenye ngazi za jengo la kukaushia. Tarehe 17 Februari 2022, mvuvi Divin, kijana wa miaka ishirini na minne, alichukuliwa na mamba alipokuwa akiosha nyavu. Familia inamwombea leo pia, na inamshukuru mama yake, ambaye yuko hapa, amekaa pamoja nasi upande wa wafiwa.

Badala ya kuuliza kwa nini watu waliendelea kuosha nyavu mahali ambapo mamba alishaonekana, watu walitazama ukuta. Kuna mamba pale. Kuna mwanamke ameshika kito cha kupandisha maji. Basi! Waliokuwa wamepiga makofi walianza kupita mbali na ukuta. Wengine walipita karibu na Bi Sijaona na kumwita, "We jini, pima kilo mbili!" Yeye akawajibu, "Jini haitoi nyongeza," lakini alikuwa akilia akifika nyumbani.

Ushirika uliitisha mkutano mwezi Machi, na marehemu akaitwa. Mama yake Divin alisimama wa kwanza, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Akasema, "Mamba haisomi picha. Mtoto wangu ameenda kwa sababu maji imekuja na nyinyi mulinyamaza." Ikafuata saa nzima ya kuulizwa marehemu kwa nini alileta huyu mwanamke wa maji, na kama kweli anaweza kupandisha ziwa. Wote mliomjua mnajua kwamba subira yake ilikuwa ndefu, na mwisho wake ulikuwa mzaha. Alisema, "Kama ni yeye alipandisha maji, si mumuombe ashushe? Kito cha pili hiki hapa, mukono wa kushoto."

Watu hawakucheka. Mzee Melchior akasimama, akasema, "Mumesikia wenyewe. Anasema tumuombe. Amekiri."

Kwa sentensi hiyo moja, ambayo mtoto wa darasa la nne angeitambua kuwa ni utani, mwanamke aliyefundisha nchi nzima kunawa mikono aligeuzwa kuwa mshirikina. Hakuna aliyekumbusha nani aliagiza picha. Hakuna aliyekumbusha nani aliagiza mamba aongezwe. Wiki ile ile ukuta ulipakwa chokaa. Wenye maduka waliokuwa wamemwagiza mabango wakaacha kupokea simu. Kanisani, benchi la sauti ya pili likapata nafasi tupu kila upande wa marehemu, hadi mwenyewe akaona ni afadhali akae nyuma karibu na mlango. Aliendelea kwenda. Hakukosa Jumapili isipokuwa kwa ugonjwa.

Oktoba ikaleta mvua, na chokaa ikaanza kubanduka. Chokaa haikamati juu ya rangi ya mafuta, ni hivyo tu. Kwanza likatokea jicho, kisha shavu, kisha kito. Kajaga wakasema shetani anakataa kufa. Wakasali, wakapaka tena. Masika yakamfunua tena. Habari zilipofika Musaga, marehemu alicheka mpaka akashika ubavu.

"Waambie wasugue kwanza na msasa," alimwambia mume wake. "Kisha rangi ya mafuta nyeupe. Hataonekana tena."

"Candide! Unawafundisha kukuua?"

"Nawafundisha kupaka. Wanapaka vibaya, inaniuma macho."

Hawakutumia msasa. Tangu wakati ule kila msimu wa mvua anarudi, na kila kiangazi wanampaka.

Ugonjwa wa kisukari ulifika kwenye figo mwanzoni mwa 2024. Marehemu alitibiwa kwa subira, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, pamoja na Bi Sijaona, aliyemletea mchuzi wa samaki usio na chumvi akimlaani kila siku kwamba anamharibia jina la mpishi. Mapema Agosti mwaka huu, hali ilipozidi, Mzee Melchior alifika hospitalini na wazee wawili wa kanisa. Watoto wote watatu wa marehemu walikuwa chumbani, na maneno haya yameandikwa kama walivyoyasikia.

"Mama Audace," alisema mzee, "tumekuja kwa upendo. Sema neno moja tu. Sema ulikosea, mbele ya washirika au hata hapa kitandani. Tunasali, tunamaliza. Utasindikizwa vizuri, na kwaya."

"Nilikosea nini, mzee?"

"Ile picha."

"Ile picha uliniagiza weye."

"Mimi niliagiza picha. Sikuagiza jini."

"Na mamba? Nani alisema mamba ni kidogo?"

Mzee alitazama dirishani. "Nilisema kwa ajili ya watoto."

"Bon. Basi nenda kanisani useme hivyo. We sema, mi nitaitikia amina."

Mzee mmoja aliyefuatana naye alitaka kucheka, akajizuia. Walisali sala fupi, wakaondoka. Laure, binti wa marehemu, alimwambia kwamba hakuna dhambi kusema neno moja ili azikwe kwa heshima. Mama yake akamwambia, "Nikisema, Sijaona atakuwa jini mpaka afe. Na mama yake Divin ataambiwa ni mimi nilikula mutoto wake. Apana. Nizikeni kimya."

Candide Barengayabo aliaga dunia Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mzee Gélase. Alhamisi yake baraza la wazee lilitufahamisha kwamba, kwa kuwa hakuikana picha ile, kwaya na basi havitatolewa. Jana Mzee Melchior alipiga simu kusema kwamba basi litatoka, endapo wasifu huu hautataja Kajaga. Mzee Gélase alimshukuru kwa kupiga, akamwambia watu watachangia teksi.

Haistahili. Tunalisema hilo mbele ya jeneza lake na mbele ya wote waliohusika. Haistahili mtu kuagiza kazi, kuisifu, kupigwa picha mbele yake, kisha kumwachia fundi aibu peke yake. Haistahili msiba wa kijana kutumiwa kufunika uzembe wa wakubwa, wakati mama yake mwenyewe alikataa. Haistahili muumini wa miaka yote kuuziwa wimbo wa maziko kwa bei ya uongo. Marehemu hakumwabudu Toyotama-hime. Alimwonea huruma. Alisema yule ni mwanamke aliyeomba asichunguliwe akachunguliwa, na kwamba mchoraji mwenye adabu amchore akiwa ameshajua, lakini bado amekaa wima.

Siku ya guca ku mazi, yaani ya kuondoa matanga ya kwanza, mlo utaliwa Kajaga, chini ya ukuta ule, na si nyumbani Musaga. Madame Setsuko ameandika kwamba siku hiyo ataweka maua baharini kwao. Tutakuja na ndoo, siki na vitambaa laini, na tutaosha chokaa yote kwa mikono. Bi Sijaona atakaa pale pale juu ya kreti, wazi, saa za mchana, watu waje waulinganishe uso na uso. Mama yake Divin amesema atamwaga maji ya kwanza. Kila aliyepiga makofi tarehe 25 Agosti 2018 anakaribishwa kuja na kitambaa chake. Mzee Melchior anakaribishwa pia, na amewekewa sehemu ya mamba, kwa kuwa ndiyo pana kuliko zote.

Marehemu ameacha mume, Mzee Gélase Ntahonkiriye, watoto, Audace, Laure na Jovithe, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka yake, Valéry, aliyetoka Rumonge jana kwa lori, wapwa wengi, akiwemo Christa anayesoma maneno haya, rafiki yake, Bi Sijaona, na wanakwaya wanne wasio na sare, ambao sasa tunawaomba waimbe.

Aliombwa neno moja, na hakulitoa. Mungu ampokee hivyo hivyo alivyo, na apumzike kwa amani.